Mti wa Mwerebi na Udongo Ulioshiba Shaba

Hotuba ya Kamati ya Kilimo iliyosomwa mbele ya wanachama, Ruanda, Mbozi



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana barazani, na ambalo litawekwa mbele yenu mkutano utakapofika kwenye bajeti ya kitalu. Baadhi ya wanachama wamependekeza kwamba fedha za kitalu za mwaka ujao zitumike kuotesha miche ya mti wa mwerebi, ipandwe katika mashamba ya zamani ya kahawa ambayo maharage na mahindi hayaendelei vizuri, ili mti huo unyonye shaba iliyobaki ardhini na kuirudishia ardhi afya yake. Wenye shauri hilo si watu wa kubeza. Wamesikia habari za kweli kutoka Ulaya, wakatafakari, wakaona kwamba lililofaa kule huenda likafaa huku. Imetupasa basi tulichungue shauri lao kwa heshima linayostahili, tena kwa hesabu, maana fedha za kitalu ni jasho la kila mmoja wetu, na mche mmoja ukioteshwa, mwingine hauoteshwi.

Kwanza na tuujue mti wenyewe. Wasomaji wa Biblia wamekwisha kukutana nao katika Mambo ya Walawi, mahali panapotajwa matawi ya Sikukuu ya Vibanda. Ni mti wa kandokando ya maji, wenye majani membamba na fito laini ambazo watu wa Ulaya wamesukia vikapu tangu kale. Afrika nayo ina mwerebi wake, ambao huota kwenye kingo za mito kuanzia Habeshi hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo. Ukikata ufito wake na kuuchomeka katika udongo mbichi, huchipua mizizi pasipo kubembelezwa. Ukiukata mti wenyewe karibu na ardhi, kisiki hutoa machipukizi mengi kwa mara moja, kama mbuni uliokatwa kisiki, na baada ya miaka mitatu au minne waweza kuvuna tena. Kisiki kimoja huvunwa hivyo kwa miaka ishirini na zaidi.

Wasweden walianza kuupanda kwa wingi baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya 1970, nao wakitafuta kuni za mitambo ya joto na umeme. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa na hekta zipatazo 15,000. Katika mji wa Enköping kuna shamba la mierebi la hekta zipatazo 75 ambalo hunyweshwa maji machafu ya mji yaliyokwisha kuchujwa kwa sehemu. Mti hula mbolea iliyomo ndani ya maji hayo, mji hupata kuni, na ziwa lililo karibu huepushwa na uchafu. Katika kazi hiyo ndipo wataalamu walipoona jambo jingine: mwerebi hunyonya kwa wepesi metali mbili, kadimiamu na zinki, na kuzipandisha hadi kwenye magome na majani. Kadimiamu ni sumu ya figo, nayo huingia mashambani pamoja na baadhi ya mbolea za fosfeti na takataka za viwanda. Basi wakasema, tukiuvuna mti huu kila baada ya miaka michache, tukauchoma katika tanuri lenye kuchuja moshi, na majivu yake tukayahifadhi mbali, je, hatutakuwa tumeitoa kadimiamu shambani kidogo kidogo? Jibu ni kwamba inawezekana, na imefanyika, ila kwa subira kubwa.

Hiyo ndiyo habari iliyotufikia. Lakini ugonjwa wetu sisi wa Mbozi si kadimiamu. Ugonjwa wetu, mahali ulipo, ni shaba.

Wazee waliomo humu wajua shaba hiyo iliingiaje. Mbuni una maadui wawili wakubwa wa jamii ya ukungu. Mmoja ni kutu ya majani, ambayo baada ya kuonekana Ceylon mwaka 1869 ilikiangamiza kilimo cha kahawa cha kisiwa kile, hata watu wakageukia chai. Wa pili ni chulebuni, ambayo ilionekana kwanza Kenya mwaka 1922, nayo huozesha tunda likingali bichi mtini. Dawa iliyopatikana dhidi ya wote wawili ilikuwa shaba. Wafaransa walikuwa wameigundua katika miaka ya 1880 kwenye mizabibu ya Bordeaux, walipochanganya mrututu na chokaa. Baadaye zikaja dawa za unga zilizotengenezwa tayari, ambazo sisi sote twaziita kopa, nyekundu na ya bluu. Dawa hizi ziliokoa kahawa. Nyumba nyingi za bati katika wilaya hii, na karo za shule za watoto wengi, zilitoka katika bomba la kunyunyizia. Hatutaki mtu yeyote aondoke hapa akidhani kwamba tumekuja kuilaani kopa.

Ila shaba ina tabia moja ambayo dawa nyingine hazina. Dawa nyingi huoza, zikaliwa na vijidudu vya udongo na jua, zikaisha. Shaba haiozi. Ni metali, haiwezi kugeuka kuwa kitu kingine. Mvua huiosha kutoka majanini, majani yenyewe hudondoka na kuoza chini ya mbuni, na shaba hukaa pale pale katika udongo wa juu, imeshikamana na mboji na udongo wa mfinyanzi. Mwaka unaofuata huongezwa nyingine juu yake. Mwaka 1984 wataalamu wa Liverpool, Dickinson na Lepp pamoja na mwenzao, walichapisha uchunguzi wa shamba moja la kahawa nchini Kenya lililokuwa na umri wa miaka 68, nao wakaeleza jinsi shaba ya dawa ilivyokuwa imejilimbikiza shambani humo. Yafaa tuongeze, kwa kuwa ni jambo la kupendeza, kwamba huyo Dickinson ndiye ambaye baadaye alitumia miaka mingi kuuchunguza mwerebi, na mwaka 2005 yeye na Pulford wakaandika makala ya kupima ushahidi wote juu ya uwezo wa mti huo wa kunyonya kadimiamu. Kwa hiyo shaba ya kahawa ya Afrika Mashariki na mwerebi wa Ulaya vimekwisha kupita katika mikono ya mtu mmoja.

Mtu aweza kuuliza: kama shaba imejaa shambani, mbona mibuni yangu inasimama? Mbuni mkubwa una mizizi mirefu inayoshuka chini ya tabaka lenye shaba, nao huvumilia. Taabu huonekana siku unapong'oa mibuni mizee na kupanda maharage, au unapoweka miche michanga ya kahawa mahali pale pale. Mzizi mchanga hauna pa kukimbilia. Huwa mfupi, mnene na mweusi kwa ncha, majani hupauka manjano kama yaliyokosa chuma, na mkulima huongeza mbolea bila kuona faida. Minyoo ya udongo nayo hupungua. Tena udongo ukiwa mchachu, kama ulivyo mwingi wa kwetu wenye mvua, shaba huachia na kuyeyuka kwa urahisi zaidi. Udongo ule ule ukitiwa chokaa, shaba hujifunga. Neno hili la uchachu mtalisikia tena, kwa kuwa ndilo lililo muhimu kuliko yote tutakayosema leo.

Labda tutoe mfano wa nyumbani ili jambo hili lieleweke. Sisi watu wa Mbozi si wageni wa metali nzito. Kule Ndolezi limelala jiwe lile lililoanguka kutoka mbinguni, kimondo cha chuma na nikeli chenye uzito wa tani nyingi, na tangu enzi za mababu watu wamekaa karibu nacho pasipo kudhurika. Kwa nini? Kwa sababu metali iliyo katika bonge gumu haiingii mzizini. Inayodhuru ni ile iliyoyeyuka katika maji ya udongo. Kwa hiyo mkulima mwenye shamba lenye shaba ana njia mbili tu za kushika. Aidha aitoe shaba, aidha aifanye isiyeyuke. Wenzetu waliotoa shauri la mwerebi wameshika njia ya kwanza. Na tuihesabu.

Chukueni hekta moja ya shamba. Udongo wake wa juu, kina cha sentimita ishirini, una uzito upatao tani 2,500. Tuseme kila tani ya udongo huo imezidiwa na gramu 100 za shaba, kiasi ambacho si cha ajabu katika shamba la zamani lililopigwa dawa miaka mingi. Hapo tuna kilo 250 za shaba katika hekta moja. Sasa pandeni mwerebi. Tuseme umestawi sana, ukatoa tani kumi za kuni kavu kwa mwaka. Mwerebi, ingawa ni hodari kwa kadimiamu, kwa shaba si hodari. Huizuia mizizini, na kinachopanda juu ni kidogo. Tuseme kila tani ya kuni ina gramu kumi za shaba. Mavuno ya mwaka yataondoa gramu 100. Gawanyeni kilo 250 kwa gramu 100, mtapata miaka 2,500.

Twawaomba msicheke, maana hesabu hii ina upande wake wa pili ulio mkali zaidi. Tuseme mkulima anapiga hekta hiyo dawa mara moja, kilo nne za kopa ambayo nusu ya uzito wake ni shaba halisi. Ameingiza kilo mbili. Mwerebi utahitaji miaka ishirini kuzitoa kilo mbili hizo. Mtu mwenye bomba aweza kushinda kazi ya msitu mzima kwa asubuhi moja.

Kwa haki ya mti wenyewe, tufanye hesabu hiyo hiyo kwa kadimiamu. Udongo uliozidiwa na gramu moja katika kila tani una kilo mbili na nusu kwa hekta. Mwerebi ukipandisha gramu tano katika kila tani ya kuni, huondoa gramu 50 kwa mwaka, na kazi humalizika kwa miaka hamsini. Ni umri wa mtu mzima, lakini ni umri wa mtu. Mjukuu wa aliyepanda ataukuta udongo safi. Ndiyo maana Wasweden hawakuwa wapumbavu, na ndiyo maana sisi tukiiga tendo lao pasipo kuiga ugonjwa wao tutakuwa tumetumia dawa ya jicho kutibu jino.

Je, hakuna mmea mwingine unaonyonya shaba? Swali hili lilitupeleka Kongo, kwa ndugu zetu wa Katanga wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Kule kuna mmea mdogo wenye maua, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, na watu huuita ua la shaba kwa sababu hupenda kuota mahali ambapo udongo umejaa shaba na mimea mingine imekufa. Mafundi wa zamani wa Katanga walikuwa wakiyeyusha shaba na kuifanya misalaba iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na mahali palipokuwa na tanuri zao ua hili bado hupaonyesha. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mimea kama hiyo hujaza shaba majanini mwake kwa wingi wa kustaajabisha. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya shaba iliyokuwa ikipimwa ilikuwa vumbi lililogandama juu ya majani. Majani yalipooshwa vizuri, ajabu ikapungua. Kuustahimili ugonjwa si sawa na kuuponya.

Kwa hiyo watu wa Lubumbashi walishika njia ya pili. Mji ule ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba tangu mwaka 1911, na moshi wake kwa miaka mingi uliangukia mitaa iliyo upande unakopelekwa na upepo, ukiwemo mtaa wa Penga Penga, hata pakabaki uwanja mtupu usioota nyasi, na vumbi lake likaingia majumbani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji hawakujaribu kuitoa shaba ile. Walitia chokaa na mboji, kisha wakapanda nyasi tatu za asili ya nchi, mojawapo ikiwa ni ile nyasi ya kutambaa ambayo hata sisi twaijua katika viwanja vya mpira. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Mboji na chokaa viliifunga shaba, nyasi zikaweza kuota, na ardhi iliyofunikwa haipeperushwi tena na upepo wala kuchukuliwa na mvua. Shaba ingalipo pale pale. Ila imefungwa mlango.

Hapa tulipo Ruanda, mwaka mzima twaona malori yakipita na mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo kuelekea bandarini, na wengi wetu tuna jamaa upande wa pili wa mpaka wa Tunduma. Mtu akiifuata barabara ile kuelekea Lusaka atapita Kabwe, mji ambao mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini watoto wake hata baada ya kufungwa wameendelea kukutwa na risasi katika damu kwa sababu ya vumbi la uwanjani. Twalitaja hilo kwa sababu moja ya haraka. Nyuma ya gereji za barabara kuu kuna watu wanaovunja betri chakavu ili wapate risasi ya kuuza. Maji yake humwagwa chini. Mama mwenye bustani ya mchicha hatua ishirini kutoka mahali hapo hana mti wa kumwokoa; aihamishe bustani, na wenye mtaa wawahamishe wavunja betri.

Kadhalika zebaki. Katika Mkoa huu wetu wa Songwe, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa upande wa Saza na Mkwajuni hukamatisha dhahabu kwa zebaki na kisha kuichoma. Ieleweke kwamba tuna mito miwili yenye jina la Songwe: mmoja huteremka kwenda Ziwa Nyasa na kuwa mpaka wetu na Malawi, na mwingine huingia Ziwa Rukwa. Rukwa haina mto wa kutokea. Kinachoingia humo hukaa humo, na samaki hukila, na sisi huwala samaki. Tanzania iliridhia mwaka 2020 ule Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1956. Wapo waliotuuliza kama mierebi ikipandwa kwenye kingo itaichuja zebaki. Mizizi yaweza kuushikilia udongo wa kingo usichukuliwe na maji, na hilo ni jema, lakini mti wowote wenye mizizi mingi hufanya kazi hiyo. Zebaki inayochomwa wazi hupanda hewani na kuingia mapafuni mwa mchomaji kabla mti haujapata habari. Dawa yake ni chungu kilichofunikwa chenye bomba la kuirudisha zebaki. Tusiendelee zaidi, hilo ni la wachimbaji, nasi tuna kahawa.

Turudi basi kwenye kahawa, na kwenye fedha za kitalu.

Kamati yenu yaona kwamba fedha hizo zitumike kuotesha miche ya kahawa yenye kinga. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyoanza mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungu kule Kilimanjaro, ina kituo hapa hapa wilayani kwetu, Mbimba. Imekwisha kutoa aina chotara za Arabika ambazo hazishikwi na chulebuni wala kutu ya majani. Kinga hiyo haikutoka dukani. Ilitoka katika mibuni yenyewe: mmoja wa Rume, katika nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini, wenye kuikinza chulebuni, na mwingine wa kisiwa cha Timor, ambao ni mchanganyiko wa asili wa Arabika na Robusta, wenye kuikinza kutu. Mkulima mwenye mibuni hiyo hana haja ya kununua kopa kwa ajili ya magonjwa hayo mawili. Angalieni sasa hesabu yetu ya awali. Kila mpigo wa dawa usiopigwa ni sawa na miaka ishirini ya mwerebi. Hekta moja ya mibuni yenye kinga, katika msimu mmoja wa mipigo minne iliyoachwa, hufanya kazi ambayo mierebi ingeifanya kwa miaka themanini, na juu ya hayo hutoa kahawa.

Wapo watakaosema kwamba aina mpya ni ghali, na kwamba mbuni mchanga hauzai mapema. Ni kweli kwamba itawapasa kungoja kama miaka mitatu. Hatuwashauri mng'oe shamba zima kwa siku moja. Ng'oeni safu kwa safu, mahali ambapo mibuni ni mizee na ingeng'olewa hata hivyo. Na ambao hawawezi kung'oa waweza kubebesha kikonyo cha aina mpya juu ya kisiki cha zamani, kazi ambayo mabwana shamba wanaijua.

Kwa mashamba yaliyokwisha kushiba shaba, ambayo mwenyewe anataka kulima maharage, tufanye kama walivyofanya Lubumbashi, kwa kiasi chetu. Chokaa kwanza, na kwa bahati nchi ya Songwe ina mawe ya chokaa, hata kiwanda cha saruji kimejengwa juu yake. Mkulima asiye na uwezo wa kununua chokaa ana majivu ya jikoni, ingawa nguvu yake ni ndogo na yahitajiwa mengi. Baada ya chokaa, mboji: samadi, majani, na yale maganda ya kahawa yanayorundikwa nyuma ya mashine za kumenyea na kunuka hadi barabarani. Yakiozeshwa vizuri ni mali. Lakini pasiwe na mtu wa kutupa chokaa kwa kubahatisha, kwani ikizidi huufungia mbuni chakula chake kingine, tukawa tumetoka shimoni tukaingia kisimani. Apime kwanza.

Kuna na mahali pamoja katika kila shamba ambapo shaba ni nyingi kupita kwingine kote, napo ni pale pipa la kuchanganyia dawa lilipokuwa likiwekwa, aghalabu karibu na kisima au mfereji. Mahali hapo msilime chakula asilani. Na hapa, waheshimiwa, ndipo tungependa kuwapa wenye shauri la mwerebi sehemu ya haki yao. Kipande kama hicho, cha hatua kumi kwa kumi, chafaa kupandwa mti usioliwa ambao hufunika ardhi na kushika udongo usiteremke mtoni. Mwerebi wa asili wa mitoni wafaa, wala hauhitaji kitalu. Fito zake zaweza kukatwa na kuchomekwa mvua zikianza. Majani ya vetiva nayo yafaa, na huenda yakawa bora mahali pakavu, kwa sababu mwerebi ni mnywaji mkubwa wa maji, nasi hatutaki kuleta mabishano ya vyanzo vya maji kama yale ya mikaratusi. Kuni za mahali hapo zisitumike kupikia, na mbuzi wasifungwe hapo.

Wanachama wanaouza kahawa yao kwa soko la kilimo hai watauliza inawahusu nini, maana wao hawapigi dawa za kiwandani. Inawahusu sana. Kilimo hai huruhusu shaba, kwa kuwa si dawa iliyobuniwa maabara. Lakini hata Umoja wa Ulaya, ulio mnunuzi mkubwa wa kahawa ya dunia, tangu mwaka 2019 umewawekea wakulima wake kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika muda wa miaka saba, yaani wastani wa kilo nne kwa mwaka. Na sheria yake ya mwaka 1986 juu ya mbolea ya majitaka hutaja kati ya miligramu 50 na 140 za shaba katika kilo ya udongo kuwa mpaka wa kutazamwa. Mnunuzi anayejiwekea mpaka kwake, kesho atauliza na wa kwako. Ni heri tuwe na jibu katika daftari.

Baadhi yenu mwakumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchini, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kwamba soko la kahawa lilipofunguliwa katika miaka ya 1990 pembejeo za mkopo zilipotea katika sehemu nyingi. Katika mageuzi hayo yote madaftari ya nani alipiga dawa gani, wapi, na mara ngapi, yalipotea pia. Leo mkulima kijana aliyerithi shamba hajui kama amerithi udongo wa babu yake au ghala la kopa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo Kamati yaliomba, kabla ya mche wowote, ni upimaji, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kitalu.

Utaratibu wake ni huu. Kila chama cha msingi kitachagua mashamba kumi: matano yenye mibuni mizee, matatu yaliyokwisha kung'olewa mibuni yakalimwa mazao mengine, na mawili ambayo hayakupata kupigwa dawa kamwe, ili tuwe na kipimo cha kulinganishia. Katika kila shamba udongo uchukuliwe mahali kumi na tano kwa kupita kama nyoka, kutoka juu hadi kina cha sentimita ishirini, uchanganywe katika ndoo ya plastiki, kisha kilo moja itiwe katika mfuko mpya. Mfuko wa mbolea usitumike, wala ndoo ya bati, wala sepetu iliyopakwa rangi, kwani vitatia metali zao ndani ya sampuli. Iandikwe jina la shamba, mwaka wa kupandwa mibuni, na mwaka wa mwisho wa kupigwa kopa kama unajulikana, wazee waulizwe. Sampuli zitapelekwa maabara ya udongo, iwe ya TARI Uyole au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, na katibu ahakikishe ameandika wazi kwamba twataka shaba ipimwe pamoja na uchachu, maana kipimo cha kawaida hakigusi shaba usipoiomba.

Kazi hii na ifanyike kabla ya mvua za Novemba, udongo ungali mkavu na njia zingali zapitika. Vyama vya Ruanda vimekubali kuanza. Mifuko iko mezani kwa mtunza ghala, nayo itagawiwa mara baada ya chakula cha mchana.